Maziwa Aliyoyaacha Mama

Mama yangu aliacha maziwa kwa ajili ya tumbo langu. Nikisema hivyo mbele ya watu wa mjini hutabasamu, wakidhani ni kama mtu aliyeacha soda. Aliyezaliwa upande wetu, nyuma ya Turbo unapoelekea Nandi, hatabasamu. Kwetu mwanamke wa rika la mama aliamka na maziwa, akashinda na maziwa, akalala na maziwa. Mgeni akiondoka bila kunywa, watu huuliza kulikuwa na ugomvi gani. Na kulikuwa na mursik, maziwa yanayogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu. Kwa mursik yake mwanamke alisemwa vizuri au vibaya na majirani, na mama alisemwa vizuri mpaka ng'ambo ya mto.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Eldoret, msichana mwenye mshahara na kelele nyingi, nimepanga chumba Yamumbi, nilipoanza kuharisha damu. Waliniambia ni amiba. Miaka ile ukipeleka tumbo lolote kutazamwa ulirudi na amiba. Nilimeza dawa zake mpaka chakula chote kikawa na ladha ya sufuria. Baadaye ikawa taifodi. Mwalimu mkuu wangu, ambaye hakuna aliyemuuliza, alisema ni mawazo ya kukosa mume. Nilikonda hadi sketi zikawa zinazunguka zenyewe kiunoni, na nikajifunza kufundisha nikiwa nimesimama karibu na mlango.

Mwishowe nilimpata daktari aliyekuwa amerejea kutoka masomoni ng'ambo, kijana mwenye haraka na mikono baridi. Alinichungulia utumbo kwa mrija, na hapo naomba nipite upesi. Alisema si amiba wala taifodi. Utumbo mpana ulikuwa umevimba na kuota vidonda, na mwili wenyewe ndio uliokuwa ukiupiga vita. Aliniandikia vidonge vikubwa vya njano vya kuutuliza, na vingine vidogo vilivyonifurisha uso nikafanana na mtu aliyeumwa na nyuki. Kisha zikafuata zile ambazo hakuziita dawa, aliziita nyongeza. Madini ya chuma, kwa damu niliyokuwa naipoteza. Foliki, vitamini ya kusaidia kutengeneza damu, kwa sababu vidonge vya njano huizuia isiingie mwilini vizuri. Na kalsiamu kwa ajili ya mifupa, kwa sababu vile vidogo huidhoofisha, na kwa sababu maziwa yalikuwa yananivuruga akataka niyaache kwanza.

Nilimuuliza nitapona lini.

“Hii haiponi,” alisema. “Inatulia.”

Ikitulia, akaeleza, naweza kukaa muda mrefu nisiikumbuke, kisha irudi bila kupiga hodi. Nilitoka pale na mfuko wa karatasi uliojaa vidonge, nikiwa nimefurahi kijinga kwamba angalau sasa ugonjwa una jina.

Mama alikuja Yamumbi Jumamosi iliyofuata, na kama kawaida alikuja na kibuyu. Alikuwa amekibeba kutoka nyumbani amekifunga kwa leso, na alikuwa ametia maziwa ya ng'ombe mmoja tu, yule aliyemtenga kwa ajili yangu tangu nianze kukonda. Nilimwambia daktari amenikataza maziwa. Nilimwambia haraka haraka, kama mtu anayetoa mwiba, nikaona anakirudisha kibuyu mapajani na kukipakata. Aliuliza kama ni maziwa yote au ni haya ya kwake. Nikasema ni yote. Akauliza kama kibuyu hakikusuguliwa vizuri. Nikasema jamani mama, si kibuyu. Lakini niliona hakuniamini. Macho yake yalisema kwamba kama mtoto wake anaumwa tumbo na anakatazwa maziwa, na maziwa ameyanywa tangu anyonye kutoka mkono mmoja tu, basi mtu wa kulaumiwa hatafutwi mbali.

Kisha akaniuliza nitapona lini. Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia alichosema daktari. Nilimwambia itachukua muda.

Alirudi nyumbani na kibuyu chake kimejaa. Nilimtazama akishuka njia ya matope, na roho ilinisuta kana kwamba nimemfukuza. Muda mfupi tu baadaye nilimeza vidonge vyangu kwa maji, na ile ya kalsiamu, nyeupe na nene kama kipande cha chaki, ilikwama njiani.

Tumbo lilianza kutulia. Nilirudi kuwa mtu. Siku ya maziwa ya shule, yale ya pakiti za pembe tatu yaliyokuwa yakiletwa kwa lori, niliyagawa darasani mwangu, na watoto walizoea kuniona sinywi. Wakati mwingine nilimfikiria mama na vibuyu vyake. Nilidhani yuko kule anakunywa na kusikitika, jinsi mtu anavyoweza kula vizuri na kusikitika kwa wakati mmoja. Sikujua kwamba hanywi.

Nilijua baada ya kuanguka kwake. Aliteleza kwenye tope la zizi akavunjika mkono, kuanguka ambako mtu mwingine angeinuka na kujipangusa tu. Nilipofika nyumbani nilimkuta amefungwa plasta, amechoka, mashavu yameingia ndani. Yule aliyemtibu alikuwa amemwambia mifupa yake imekuwa dhaifu, anywe maziwa. Mama alikuwa ameitika kwa adabu. Nilimuuliza mke wa kaka yangu kama anakunywa. Huyu wifi yangu alikuwa Mluhya wa upande wa Webuye, Kinandi alikuwa anakijua cha kununulia chumvi tu, kwa hiyo sisi wawili tuliongea Kiswahili. Alinivuta nyuma ya ghala la mahindi.

“Wewe kwani hujui?” alisema. “Mama hajagusa maziwa tangu ile siku alirudi na kibuyu kutoka kwako. Chai yake ni turungi, bila maziwa. Hata kwa harusi ya jirani alikunywa maji. Alisimama kanisani mbele ya akina mama, akasema hataonja maziwa mpaka mtoto wake apone.”

Mpaka mtoto wake apone. Nilisimama pale nikiokota mahindi yaliyodondoka chini, moja moja, kwa kukosa kazi nyingine ya kufanyia mikono. Kumbe kila kikombe cha turungi alichokunywa kilikuwa changu. Kumbe ng'ombe wangu alikuwa anakamuliwa, kibuyu kinasuguliwa, mursik inaiva, inanyweka na kila mtu, na yeye anamimina tu. Na nadhiri ile haikuwa na mwisho. Yeye aliiweka kama mtu anayekaa njaa mpaka mvua inyeshe, na mimi peke yangu nilijua kwamba mvua hiyo haiko.

Nilimwendea jikoni nikamwambia kwamba Mungu hataki avunjike mifupa. Alinijibu kwa upole kwamba Mungu ndiye anayejua anachotaka. Nilimwambia hata mchungaji anaweza kumfungua nadhiri. Akasema mchungaji alikuwepo na alisema amina. Nikapandwa na hasira, kwa sababu mimi hasira zangu ziko karibu na hasa nikiwa na makosa. Nilimuuliza ni nani alimtuma. Aliendelea kuchochea moto kwa mkono wake mzima, na nikaona sina haki hata ya kuinua sauti mbele ya ule mwingine.

Wakati huo nilikuwa mzima kwa macho. Uso ulikuwa umeshuka, mwili umerudi, nilikuwa nimeanza kuonja chai ya maziwa na tumbo halikulalamika. Kwa hiyo niliporudi nyumbani likizo iliyofuata nilipiga moyo konde. Nilimwambia mama daktari amenipima tena na nimepona.

Sijui niseme nini kuhusu furaha yake. Alinishika shingo kwa nyuma, kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo na homa, akakaa hivyo. Jumapili akina mama wa kanisa walikuja nyumbani. Waliimba, waliomba, kaka yangu alichinja kondoo. Mama alileta kibuyu mwenyewe, akakitikisa, akamimina kwenye kikombe cha bati maziwa mazito yenye rangi ya majivu kwa ule mkaa. Alikunywa bila kupumzika. Alipomaliza alikuwa na mstari wa kijivu juu ya mdomo, akawa anacheka na kulia, na akina mama wakamshangilia. Kisha akanimiminia na mimi. Nilikunywa. Yalikuwa matamu, na nilijiona mwizi.

Kuanzia siku hiyo vidonge vyangu vikawa adui. Mtu aliyepona hamezi dawa, na mama hakuwa mtu wa kudanganywa na maneno kama nyongeza. Kule kwetu ukimeza kitu kutoka kwenye kichupa wewe ni mgonjwa, basi. Mjini nilimeza wazi, kwenye meza ya walimu. Nikienda nyumbani nilivificha ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu, kiatu chini ya kitanda. Nilivimeza nyuma ya zizi bila maji, nikikaza shingo kama kuku. Mara moja wifi alinikuta nimesimama huko nimefumba macho, koo likipanda na kushuka, na alipouliza nikasema nasali. Alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini hakusema.

Na ile ya chuma, kwa wasiojua, hugeuza kinyesi kikawa cheusi. Nilimwogopa mama hata chooni. Nilianza kuiruka nikiwa nyumbani. Kisha nikaruka na foliki, maana si nilikuwa mzima. Likizo zikiwa ndefu niliruka hata zile za njano, nikijiambia nitazifidia nikirudi Yamumbi. Mama alikuwa amenenepa. Mkono wake ulikuwa umeunga ingawa ulipinda kidogo, na asubuhi nilimsikia akiimba akikamua. Nilikuwa naununua wimbo ule kwa vidonge nisivyomeza, na nilidhani bei si mbaya.

Ukaja mwaka ule wa kupiga kura kwa kupanga mlolongo. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Watu walifika kwenye uwanja wa shule wakajipanga nyuma ya picha ya mtu wanayemtaka, mchana kweupe, chifu akitazama ni nani amesimama nyuma ya nani. Kadi yangu ilikuwa ya nyumbani, na kaka yangu alikuwa amenionya nisikose, kwa sababu mwalimu asiyeonekana kwenye mlolongo angeulizwa maswali. Tumbo lilikuwa limeanza kuninong'onezea siku kadhaa kabla. Nilijikaza. Nilisimama kwenye mstari wa wanawake, mama akiwa nyuma yangu, amevaa kitambaa chake cha kanisani.

Sheria ilikuwa kwamba ukishapanga mstari hutoki mpaka uhesabiwe. Jua lilipanda. Waliohesabu walikosana, wakaanza upya. Maumivu yalinijia kwa chini, yale ninayoyajua, yanayopinda kama mtu anayekamua nguo, na nikajua sitaweza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimwona chifu, nikaiona picha mbele, nikatoka kwenye mstari mbele ya kijiji kizima, nikakimbia kuelekea vyoo vya wanafunzi. Nyuma yangu nilisikia sauti zikipanda, mtu akiuliza mwalimu amehama upande upi.

Nilikaa humo sijui muda gani. Ilikuwa damu. Mlango wa mabati haukuwa na komeo, na nilikuwa nimeuzuia kwa mguu, ndipo nikaona kivuli kikisimama nje na kuufunika ufa. Nilizijua zile kandambili. Mama alikuwa ametoka kwenye mlolongo naye.

“Niko hapa,” alisema.

Alisimama ameupa mlango mgongo, akamzuia kila aliyekuja, na kule uwanjani walihesabu mstari bila sisi wawili. Aliponiona nikitoka aliniangalia uso mara moja tu. Alinifungua kiunoni sweta iliyochafuka akaifunga ndani ya kitambaa chake cha kanisani, akatembea nyumbani kichwa wazi. Njia nzima nilitafuta maneno. Nilikuwa tayari kulaumu nyama ya jana, maji ya mto, jua. Hakuniuliza, kwa hiyo uongo wote ule ulibaki mdomoni mwangu.

Asubuhi aliniita jikoni. Wifi alikuwa ametoka na watoto, tulikuwa wawili tu. Tuliongea Kinandi, nami naandika alichosema kwa kadiri ninavyoweza.

“Lete dawa zako,” alisema. “Uzinywe hapa, mbele yangu.”

Nilileta soksi. Alikuwa ameshaweka kikombe cha maji kwenye kigoda. Nilimwaga vidonge kwenye sinia. Mbele yake palikuwa na chai yake mwenyewe. Ilikuwa turungi, nyeusi, inafuka.

Nilianza kulia. Nilimwambia yote: kwamba daktari hakusema nimepona, kwamba alisema tangu siku ya kwanza ugonjwa huu hauponi, unatulia tu, na kwamba nilificha kwa sababu ya mkono wake. Nilimwomba anisamehe, kisha nikamwomba atie maziwa kwenye hiyo chai. Nilisema, “Mama, utakaa bila maziwa mpaka ufe?”

Alikunywa kidogo kwanza.

“Nadhiri sikuiweka na wewe,” alisema. “Na sikusema utulie. Nilisema upone.”

Hakukuwa na hasira ndani yake. Kama angenipiga ningejua pa kuweka uso wangu. Alivuta sinia karibu, akaanza kuniuliza kila kidonge kinafanya kazi gani, na mimi nikaeleza, na kwa sababu nimekuwa mwalimu maisha yangu yote nilieleza vizuri, sauti ikarudi, machozi yakakauka. Hizi za njano ni za kutuliza utumbo. Hii ni ya damu. Hii ndogo inaisaidia ile ya damu. Alikuwa akirudia nyuma yangu polepole, akikigusa kila kimoja kwa kidole. Nilimeza alivyovigusa.

Tulipofika kwenye ile nyeupe nene niliuona mkono wake, kile kifundo kilichopinda, na wazo likanijia kwa nguvu hadi nikashangaa kwamba sikuwahi kulipata. Nilikichukua kidonge nikakiweka katikati ya kiganja chake. Nikamwambia hiki ni chake, na nitamletea vingine kila mwezi. Nikamwambia hakitoki kwa ng'ombe. Kimetengenezwa kiwandani kwa mawe, mtu yeyote anaweza kukimeza, hakivunji nadhiri ya mtu.

Alikigeuza kwenye mwanga wa mlango. Alikinusa. Niliona anataka, kwa sababu mkono ulikuwa unamuuma asubuhi za baridi na hakuwahi kusema, lakini sote tulijua. Alikiinua mpaka karibu na mdomo.

“Na hiki kinafanya kazi gani?” aliuliza.

Ningesema ni cha mifupa, nikaishia hapo. Angekimeza, najua angekimeza. Lakini nilikuwa nimetoka tu kuungama, nilikuwa nimejaa ukweli mpaka kooni, na nilitaka aelewe vizuri.

“Kina kile kitu kilichomo ndani ya maziwa,” nilisema. “Kile kinachojenga mifupa.”

Mkono ulisimama. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba nimemtega bila kujua.

“Basi ni maziwa,” alisema.

Alikirudisha kiganjani mwangu, akanikunja vidole juu yake, akanisogezea maji.

“Kunywa wewe.”

Nikakimeza. Alikaa akilitazama koo langu mpaka kikapita, kisha akamalizia turungi yake.